Kuwatambua na kuwaondoa anemoni waharibifu kwenye tangi la matumbawe

Anemoni mharibifu wa kwanza huwa hatishi. Unamkuta ndani ya akwaria yako ya maji ya chumvi, pembeni mwa jiwe, chini ya tumbawe ulilonunua mwezi uliopita, au kwenye kona ya kioo karibu na pampu. Ni mnyama laini wa baharini mwenye umbo la ua, mdogo, rangi yake ya kahawia imefifia, na wengi hufurahi wakidhani tangi limewaletea kiumbe wa bure. Baada ya miezi michache yuko kila upenyo, na tumbawe lililo jirani naye limeanza kunywea upande mmoja. Hapo ndipo mwenye tangi hushika kisu au brashi na kuanza kukwangua.

Tafadhali usikwangue. Anemoni hawa ukiwakata huzaana, na tangi lililokuwa na watano huishia kuwa na hamsini kwa sababu ya kisu hichohicho. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo: ama umuue mzima pale alipo, ama usimguse mpaka utakapokuwa tayari.

Hatua ya kwanza: mtambue

Wapo wa aina mbili wanaosumbua matangi ya nyumbani karibu kila mahali duniani.

Wa kwanza ni Aiptasia. Wanasayansi siku hizi wanamwita Exaiptasia diaphana, lakini wafugaji wameshazoea jina la zamani. Ana shina jembamba linaloonyesha ndani kidogo, na juu ya shina minyiri mirefu iliyochongoka na kutawanyika pande zote. Ukimtazama kwa ubavu anafanana na mnazi mdogo. Rangi yake ni kahawia, mara nyingine ya maziwa, na akiishi gizani huwa karibu mweupe kabisa. Wengi wana upana wa sentimita moja hadi tatu, ila aliyeshiba anaweza kuzidi hapo.

Wa pili huitwa majano na wafugaji. Jina lake kamili ni Anemonia manjano, alilopewa na Mswidi Oskar Carlgren mwaka 1900 katika kazi yake kuhusu anemoni wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo ni mwenyeji wa bahari yetu, na kwenye mwamba wake wa asili hana kosa lolote. Ndani ya tangi ni habari nyingine. Huyu ni mfupi na mnene, minyiri yake ni mingi na mifupi, na ncha zake zimevimba kidogo, mara nyingi zikiwa na rangi ya waridi au zambarau juu ya mwili wa kijani au kahawia. Hukaa makundi makundi.

Ili uwe na uhakika, chukua kijiti chembamba cha plastiki, zima pampu, kisha mguse taratibu kwenye ncha ya mnyiri. Aiptasia hunywea kwa kasi ya ajabu na kuzama ndani ya tundu lake, usione chochote ila tundu tupu. Ukiendelea kumchokoza, atatoa nyuzi nyeupe nyembamba kutoka mwilini, zikielea kwenye maji. Nyuzi hizo zimejaa vishale vya sumu, na ndizo zinazounguza matumbawe ya jirani. Ukiziona, umeshampata. Majano hajifichi upesi hivyo. Hujikusanya akabaki kidonge juu ya jiwe.

Kuna viumbe wengi wasio na hatia wanaouawa kwa kufananishwa na hawa wawili. Mnyoo wa mrija, mwenye manyoya kama feni, naye hujificha haraka akiguswa, lakini ule mrija anamoishi hubaki ukionekana. Zoantidi ni matumbawe laini yanayoishi kwa kundi, na minyiri yake mifupi imezunguka ukingo wa kisahani bapa. Anemoni mchanga wa aina ya Entacmaea quadricolor, yule anayependwa na samaki klauni, hufanana mno na majano. Mtofautishe kwa ukubwa na tabia: Entacmaea hukua kuwa mkubwa, hupenda kuficha mguu wake ndani ya ufa, na ni nadra kulijaza tangi lako kwa wiki chache. Usiku unaweza pia kumwona Pseudocorynactis, ambaye ncha za minyiri yake zina vidude vya mviringo vyeupe au vya rangi ya chungwa. Huyo muache.

Ukipiga picha ili kumwuliza mtu mwingine, washa taa nyeupe kwanza. Chini ya taa ya bluu kila kitu hung'aa kijani, na hata mtu mzoefu atakujibu kwa kubahatisha.

Hatua ya pili: elewa anavyoongezeka

Anemoni ni ndugu wa konyeza na matumbawe. Hana mfupa, na karibu kila kipande cha kitako chake kinaweza kuota mwili mzima upya. Aiptasia hufanya hivyo hata bila kukatwa: anapohama taratibu juu ya jiwe, huacha nyuma yake vipande vidogo vya kitako, na kila kipande huwa anemoni kamili. Ndiyo maana unapomkuta mkubwa mmoja, tazama kwa makini eneo linalomzunguka. Mara nyingi utaona vichanga kama nukta za kahawia. Zaidi ya hapo, huzaa pia kwa mayai na mbegu, na viluwiluwi wake huelea na maji mpaka kwenye mabomba na tangi la chini, lile la kuchujia maji.

Rangi yake ya kahawia inatokana na mwani mdogo sana anaoufuga ndani ya mwili, wa ukoo uleule unaoishi ndani ya matumbawe. Mwani huo humpa sukari kutokana na mwanga. Kwa hiyo anakula taa zako mchana na mabaki ya chakula cha samaki saa zote. Maabara nyingi duniani zinamfuga kwa makusudi kwa ajili ya kuchunguza jinsi tumbawe linavyoishi na mwani huo na kwa nini huupoteza maji yakipata joto, kwa sababu ni rahisi kumlea na hafi ovyo. Tabia hiyohiyo ndiyo inayotusumbua sisi nyumbani.

Hatua ya tatu: hesabu kabla ya kushika chochote

Keti mbele ya tangi saa moja au mbili baada ya taa kuzimika, ukiwa na tochi. Kagua nyuma ya mawe, chini ya vigingi vya matumbawe, yaani vitako vidogo wanavyobandikiwa, ndani ya kisanduku cha kufurikia, kwenye tangi la chini, na juu ya magamba ya konokono. Chora mchoro wa mawe kwenye karatasi na uweke alama kila unapomwona mmoja. Mchoro huu utakusaidia sana baadaye, maana bila huo hutajua kama unashinda au unazunguka palepale.

Uamuzi unategemea hesabu hiyo. Wakiwa wachache, tuseme chini ya kumi na tano, na unawafikia wote, tumia sindano. Wakiwa kumi lakini wote wako kwenye jiwe moja unaloweza kulitoa, toa jiwe. Wakiwa makumi kwa makumi, wengine ndani ya nyufa usizofikia, sindano peke yake itakuchosha bure. Hapo unahitaji mnyama wa kuwala. Binafsi naona watu wanakimbilia samaki na kamba mapema mno, wakati wangeweza kumaliza kazi kwa chokaa asubuhi mbili tatu, tangi likiwa bado na anemoni wanne.

Hatua ya nne: kazi ya sindano

Dawa ninayoipendekeza kwanza ni chokaa iliyozimwa, yaani kalsiamu haidroksaidi, ileile ambayo wafugaji wengi huyeyusha kwenye maji ya kujazia ili kuongeza kalsiamu. Nunua iliyo safi, ya akwaria au ya kiwango cha chakula. Chokaa ya ujenzi ina uchafu na madini usiyoyajua. Chokaa ya tambuu ni kemikali ileile kwa asili, lakini inayouzwa madukani mara nyingi imetiwa rangi na manukato, kwa hiyo iache kwa wala tambuu. Dawa za viwandani kama Aiptasia-X ya kampuni ya Red Sea hutumiwa kwa namna hiyohiyo. Ukizipata karibu nawe ni sawa, fuata tu kipimo cha chupa.

Siki na maji ya limau huweza kuua pia, lakini havishiki pale ulipoviweka. Huyeyuka na kusambaa, humuua anemoni nusu, na vikizidi hulisha bakteria wanaomaliza oksijeni ya tangi. Maji yanayochemka kwenye sindano hufaa kwa jiwe lililotolewa nje. Ndani ya tangi hupoa kabla hayajamfikia.

Andaa sirinji ya mililita 5 au 10 kutoka duka la dawa, sindano ndefu butu au kipande cha mrija mgumu mwembamba, glavu, miwani ya kulinda macho, na mpira mwembamba wa kunyonyea maji. Glavu na miwani si mapambo. Chokaa ni kali, na tone moja likiingia jichoni linaweza kuharibu jicho. Likiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu bila kusita na uende hospitali.

Changanya chokaa na maji kidogo yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, mpaka ipatikane rojo nzito inayopita kwenye sindano kwa shida kidogo. Ikiwa nyepesi itatawanyika, ikiwa nzito mno itaziba sindano. Koroga tena kila kabla ya kuvuta, maana hutuama upesi.

Sasa kipimo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoua matumbawe yao wenyewe. Gramu 1 ya chokaa kavu kwenye lita 100 za maji hupandisha alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa dKH) kwa takriban dKH 0.75 na kuirusha pH juu kwa ghafla. Usipitishe nusu gramu kwa kila lita 100 kwa siku moja, na unapopiga hesabu ya lita toa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga. Tangi lenye jina la lita 200 mara nyingi lina maji kama lita 150 hivi. Pima pH kabla na baada. Ikikaribia 8.5, simama, uendelee kesho. Siku hiyo usiongeze dawa nyingine yoyote ya alkalini.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Fanya asubuhi mapema, taa zikiwa zimewaka muda mfupi tu na anemoni wamefunguka. Wakati huo pH ya tangi huwa chini, kwa hiyo unapata nafasi ya kupanda.

2. Zima pampu zote, pamoja na ile ya kurudisha maji na skima, chombo kinachotoa uchafu kwa povu. Subiri maji yatulie kabisa.

3. Jaza sirinji, toa hewa, futa ncha. Tone la chokaa likining'inia kwenye ncha litamshtua anemoni kabla hujamfikia.

4. Mwendee kutoka juu au ubavuni, polepole, bila kumtupia kivuli. Akinywea, muache na uende kwa mwingine. Rudi kwake baada ya dakika tano.

5. Ukifika, usimchome kwa papara. Weka tone dogo katikati ya kisahani chake, juu ya mdomo. Tazama kitakachotokea: minyiri inajikunja kuelekea ndani kana kwamba amepata chakula, na anavuta rojo ile mdomoni mwenyewe. Hapo ndipo unapoongeza kidogo mpaka afunikwe wote, pamoja na tundu alimoingia. Kwa mdogo, robo ya mililita inatosha. Mkubwa atataka karibu mililita moja.

6. Usikaribie tumbawe lolote kwa umbali wa chini ya sentimita mbili. Chokaa ikiliangukia, ipulize kwa maji ya sirinji tupu mara moja.

7. Acha pampu zimezimwa kwa dakika 10 hadi 15. Samaki wengi hawatapata shida kwa muda huo, ila tangi likiwa na samaki wengi weka jiwe la hewa mbali na eneo la kazi.

8. Kabla ya kuwasha pampu, nyonya mabaki meupe na vipande vya anemoni kwa ule mpira. Vipande vikielea vitashuka kwenye jiwe lingine na kuanza maisha.

Kwa Aiptasia aliye ndani ya tundu refu, akishakufa ziba tundu kwa gundi nzito ya supaglu au kwa udongo wa epoksi wa akwaria. Gundi hiyo hukauka hata majini. Kuziba bila kuua kwanza mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa mawe ya matumbawe yana vitundu vinavyopitana ndani na yeye hutokea upande wa pili.

Kagua tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ukiwa na mchoro wako. Utaona wadogo wapya karibu na alipokufa mkubwa. Hiyo ni kawaida. Wapige wakiwa wadogo, maana mdogo hufa kwa tone moja. Wengi hukata tamaa hapa hasa, wakati kazi ngumu imeshakwisha.

Jiwe likitoka nje

Kama jiwe linatoka bila kubomoa mpangilio wote, litoe. Kwenye beseni lenye maji ya tangi, mkate anemoni pamoja na kipande cha jiwe alichokishika, ukitumia patasi ndogo au koleo la kukatia matumbawe. Lengo ni kuondoka na jiwe lenyewe kwa kina cha nusu sentimita hivi, wala si kumbandua yeye. Suuza jiwe kwenye maji mengine ya chumvi kabla ya kulirudisha, na maji ya beseni usiyarudishe kwenye tangi.

Kama jiwe halina tumbawe lolote unalolitaka, ni rahisi zaidi: lianike nje likauke kabisa kwa wiki kadhaa. Jua la pwani hufanya kazi hii vizuri. Baadaye liloweke kwenye maji ya chumvi yenye mzunguko mpaka amonia iishe kabla ya kulirudisha. Ukichagua kuliloweka kwenye dawa ya klorini, fanya uwanjani, usichanganye kamwe na siki, na ulisuuze mpaka harufu iishe.

Kuna jambo moja nataka lisomwe mara mbili. Usichemshe jiwe la akwaria, na usilimwagie maji ya moto ndani ya nyumba likiwa na zoantidi au ndugu zao Palythoa. Baadhi yao wana palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazotokana na viumbe hai, na mvuke wake ukivutwa hulaza watu hospitali. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia nzima pamoja na waokoaji waliofika kuwasaidia walipelekwa hospitali baada ya tangi lenye matumbawe ya aina hiyo kusafishwa nyumbani. Kama huna uhakika ni nini kimeota juu ya jiwe, lichukulie kuwa linayo. Vaa glavu, linda macho, na usilisugue kwa brashi inayorusha matone.

Hatua ya tano: wanyama wanaowala

Nikiambiwa nichague mmoja tu kwa tangi lililojaa Aiptasia, nitachagua Berghia. Ni konokono wa bahari asiye na gamba, jina lake Berghia stephanieae, mwenye urefu wa sentimita mbili au tatu akikua, mwili wa maziwa na vijinyoya vilivyosimama mgongoni. Chakula chake ni Aiptasia tu. Hagusi tumbawe wala samaki. Vishale vya sumu anavyomeza hata huvihifadhi kwenye vile vijinyoya kuwa silaha yake mwenyewe.

Ila anataka subira. Nunua angalau sita kwa tangi la lita 200, zaidi kama unamudu, kwa sababu kazi yake haifanywi na wale uliowanunua peke yao. Inafanywa na watoto wao. Kila mmoja ana jinsia zote mbili na hutaga utepe mweupe wa mayai uliojiviringa. Wazoeshe maji taratibu kwa matone, kisha usiku, pampu zikiwa zimezimwa, washushe kwa mrija mpana hadi juu ya jiwe lenye Aiptasia wadogo. Funika midomo ya pampu kwa sponji. Mwezi wa kwanza huenda usione Berghia hata mmoja wala anemoni aliyepungua, na hiyo haina maana kwamba wamekufa. Mara nyingi mabadiliko huonekana mwezi wa pili au wa tatu, na huja kwa kasi.

Usiwatie kwenye tangi lenye samaki wanaochokonoa mawe kama Pseudocheilinus hexataenia, yule mwenye mistari sita ubavuni, wala penye kamba wala nyama. Na usichanganye Berghia na chokaa, maana unawanyima chakula huku ukiwaunguza. Aiptasia wakiisha, Berghia nao watakufa njaa. Kabla ya hapo wanyonye kwa mrija umpe mfugaji mwenzako mwenye shida hiyo.

Kamba wa mistari myekundu wa jamii ya Lysmata, hasa Lysmata wurdemanni na Lysmata boggessi wanaotoka upande wa Florida na Karibi, hula Aiptasia wadogo usiku. Wakubwa huwaacha. Wapunguzie chakula, la sivyo watakula cha samaki na kusahau kazi. Hatari iko kwenye kununua: kamba mwingine, Rhynchocinetes durbanensis, huuzwa kwa kufananishwa nao, na huyu yupo kwenye Bahari ya Hindi, kwa hiyo wasomaji wa pwani yetu na wa Ghuba ni rahisi kukutana naye. Ana mgongo ulioinuka, pua ndefu kama mdomo wa ndege, macho makubwa, na mistari myeupe iliyokolea kati ya myekundu. Huyo atakula zoantidi zako na matumbawe laini. Lysmata wa kweli hana hiyo mistari myeupe.

Kuhusu samaki nitakuwa mfupi. Kitatange mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, anajulikana sana kwa kula Aiptasia, lakini wengi wao hukataa chakula wakiwa wageni na kufa, na wanaoishi huwamaliza pia minyoo wa mirija. Bila tangi la lita 400 na zaidi lililokomaa, usimnunue. Vitatange tunaowaona pwani, kama Chaetodon kleinii na Chaetodon lunula, hula Aiptasia na hata majano, ila watakula na matumbawe pia. Wanafaa kwenye tangi la samaki na mawe tu. Kikande mdogo Acreichthys tomentosus hufanya kazi nzuri, lakini wengine wao, Aiptasia wakiisha, hugeukia matumbawe. Kununua mnyama kwa ajili ya kazi moja bila kujua utamlisha nini baada ya kazi ni kumwonea.

Majano anataka mkono wako

Berghia hamli majano hata kidogo, na kamba wa Lysmata kwa kawaida humpita. Kwa bahati nzuri haingii ndani ya tundu kama mwenzake, kwa hiyo unamfikia. Mlishe chokaa kama nilivyoeleza, ukitumia kiasi kikubwa zaidi, au mfunike wote kwa udongo wa epoksi ukiacha ukingo mpana pande zote. Njia ya uhakika zaidi ni kumtoa na kipande cha jiwe. Usimvute kwa vidole wala kibano, maana mguu wake umeshika kwa nguvu na utachanika. Kwenye kioo, pitisha wembe bapa chini ya mguu wote kwa mara moja huku mpira wa kunyonya ukiwa umegusa palepale. Hapo tu ndipo wembe unaruhusiwa, kwa sababu kioo hakina vitundu vya kubakiza mabaki.

Adui mwombee njaa

Tangi lenye mabaki mengi litakuletea anemoni wapya hata ukiua wote leo. Yeyushia chakula kilichogandishwa kwenye kikombe na umwage yale maji yake, lisha kiasi kinacholiwa ndani ya dakika mbili, na safisha skima kila baada ya siku chache. Sponji na soksi za filta zikikaa wiki mbili bila kufuliwa huwa zinaoza, na uozo huo ni karamu kwao. Pima naitreti na fosfeti, lakini usizipeleke sifuri. Matumbawe nayo yanahitaji kidogo, na tumbawe lililodhoofika kwa njaa ndilo linaloshindwa kupigania nafasi yake na Aiptasia.

Wanakoingilia

Karibu wote huingia na jiwe au tumbawe jipya. Usiamini dawa ya kuchovya matumbawe kwa kazi hii. Inaua minyoo bapa na wadudu wengine, lakini Aiptasia hujifungia akatoka salama. Dawa ni macho na subira. Mara tumbawe lifikapo, livunje kutoka kwenye kigingi chake, tupa kigingi, kisha libandike kwenye kipya kwa supaglu. Kagua upande wa chini kwa kioo cha kukuzia. Baada ya hapo liweke kwenye tangi dogo la karantini lenye taa kwa wiki nne hadi sita, joto likiwa nyuzi 25 au 26 na uzito wa maji ya chumvi ukiwa mara 1.025 ya maji yasiyo na chumvi. Aiptasia aliyekuwa nukta isiyoonekana atakuwa amekua ndani ya muda huo, na utamuua kwenye lita ishirini badala ya mia tatu. Konokono na kaa wa gamba nao wapitie humo, magamba yao yakikaguliwa, hasa kwenye kunjo karibu na mlango.

Kwa kuanzisha tangi jipya, mawe makavu ni salama kuliko mawe hai. Na kwa tunaoishi pwani: kuokota mawe kwenye mwamba wa bahari ili kuokoa pesa ni kosa mara mbili. Hifadhi kama za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, Hifadhi ya Bahari ya Mafia tangu 1995, na kuchukua matumbawe humo ni kinyume cha sheria. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu nayo inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Halafu jiwe hilo litakuja na majano, haidroidi (ndugu wadogo wa konyeza) na kaa usiowajua, bila kupita mikononi mwa yeyote aliyelikagua.

Anemoni uliowatoa, maji ya beseni na vipande vya jiwe visirudi baharini wala kwenye mtaro unaoelekea huko, hata kama unaishi hatua chache kutoka ufukweni. Vimwagie klorini kwenye ndoo nje ya nyumba, viache usiku kucha, kisha maji uyamwage chooni na mawe uyaanike yakauke kabla ya kuyatupa.